Swali Kwanza, Mashine Baadaye: Jinsi ya Kuomba Fedha za Serikali ya Marekani kwa Sayansi ya Materiali

Maandiko mengi ya kuombea fedha za utafiti wa materiali hufia ukurasa wa kwanza, na ugonjwa unaoyaua ni mmoja: mwandishi ameandika habari za kitu badala ya habari za swali. Anaisifu seramiki yake, anataja mashine anayotaka kununua, anaahidi betri itakayodumu miaka mingi au aloi isiyoshika kutu. Msomaji anafika mwisho wa ukurasa bila kujua ni jambo gani halijulikani leo na litajulikana fedha zikitolewa.

Mwongozo huu ni wa mhadhiri kijana au mwanafunzi wa uzamivu aliye katika chuo kikuu cha Marekani, au anayejiandaa kwenda huko. Ninaposema materiali nina maana ya metali, seramiki, polima, semikondakta na michanganyiko yake. Sayansi yake ni kuelewa kwa nini kitu kilichopangwa hivi katika atomi zake, na kutengenezwa kwa njia hii, kinakuwa na tabia ile.

Kabla ya hatua zenyewe, jua fedha hizi zilianzaje, kwa sababu mwanzo wake bado unaonekana katika maswali ambayo wapitiaji, yaani wataalamu wanaosoma na kuyapima maandiko, huuliza. Mwezi Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliunda ARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi, na mwaka 1960 ARPA ikaingia mikataba na vyuo vikuu vitatu, Cornell, Pennsylvania na Northwestern, ili vianzishe maabara ambamo wanafizikia, wanakemia na wanametalojia wangefanya kazi chini ya paa moja. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na watu wa kutosha waliofunzwa kuvuka mipaka ya idara zao. Mwaka 1972 maabara hizo zilihamishiwa Taasisi ya Taifa ya Sayansi, NSF, na kuanzia 1994 nafasi yake ikachukuliwa na vituo vinavyojulikana kwa kifupi kama MRSEC. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza fedha hizi zimekuwa zikinunua mambo mawili kwa pamoja, maarifa na watu. Andiko lenye utafiti mzuri lakini lisilosema ni nani atafunzwa na kwa namna gani linajibu nusu tu ya mtihani.

Hatua ya 1: Jua mlango upi ni wako

Serikali haina mfuko mmoja. Ina milango mingi na kila mlango una bawabu wake.

NSF hufadhili utafiti wa msingi. Upande wa materiali, maombi ya mtafiti mmoja au kikundi kidogo yamekuwa yakigawanywa kwa mada: metali, seramiki, polima, materiali za kibiolojia, materiali za elektroniki na fotoniki, kemia ya materiali yabisi, na fizikia ya mata iliyogandamana. Kazi yako ikikaa katikati ya mada mbili, usikisie. Hatua ya 3 itakusaidia.

CAREER ni ruzuku ya NSF kwa wahadhiri wasaidizi (kwa Kiingereza, assistant professor) ambao bado hawajathibitishwa kazini kwa kudumu. Inaendeshwa kwa miaka 5, na una nafasi ya kuiomba mara 3 tu maishani, hivyo usiitumie kama zoezi la kujifunza kuandika. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba huhitaji kuwa raia wa Marekani. Kinachoangaliwa ni cheo chako na chuo chako.

MRSEC ni vituo vikubwa. Kila kimoja kina vikundi kadhaa vya utafiti vinavyochanganya fani, pamoja na vifaa vya pamoja na programu ya elimu. Ruzuku ni ya miaka 6 na mashindano yamekuwa yakifanyika kila baada ya miaka 3. Mhadhiri mpya haanzishi MRSEC, anajiunga nayo. Ikiwa chuo chako au cha jirani kinayo, nenda kajitambulishe mapema, kwa sababu vifaa vyake mara nyingi hutumiwa hata na watu wa nje, na vituo vingi hutenga fedha ndogo za mbegu kwa mawazo mapya.

Kuna pia PREM, inayounganisha vyuo vinavyohudumia wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na vituo vikubwa vya materiali, na DMREF, iliyotokana na mpango wa serikali uliotangazwa 2011 wa kuharakisha ugunduzi wa materiali mpya kwa kuunganisha hesabu za kompyuta, majaribio na data. DMREF inadai mzunguko: hesabu iongoze jaribio, na jaribio lirudi kusahihisha hesabu. Mwenye maabara tu, asiye na mwenzake wa nadharia, asipoteze muda hapo.

Nje ya NSF, Wizara ya Nishati ina ofisi ya sayansi za msingi za nishati, ambayo ni mfadhili mkubwa sana wa materiali. Jeshi la Wanamaji, Jeshi la Anga na Jeshi la Nchi Kavu kila moja lina ofisi yake ya utafiti. Tofauti ya tabia ni kubwa. NSF hutegemea zaidi maoni ya wapitiaji kutoka vyuo vingine, ilhali katika ofisi za kijeshi meneja wa programu ana sauti kubwa zaidi, na andiko lililotumwa bila mazungumzo ya awali naye ni sawa na barua iliyotiwa kwenye chupa na kutupwa baharini.

Kwa mwanafunzi mambo ni tofauti kidogo. GRFP, ufadhili wa NSF kwa wanafunzi wa shahada za juu, hulipa miaka 3 ndani ya kipindi cha miaka 5, lakini ni kwa raia, watu wenye utaifa wa Marekani na wakaazi wa kudumu peke yao. Masharti hayohayo yanahusu posho za REU, programu ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ambayo kwa kawaida hufanyika wakati wa likizo ya kiangazi. Kama umekuja kwa viza ya mwanafunzi, njia yako ni nyingine, nayo ni pana: ruzuku ya profesa wako inaweza kukulipa kama msaidizi wa utafiti, bila kujali pasipoti yako. Ndiyo maana mwanafunzi wa kigeni anayechagua msimamizi anapaswa kuuliza, bila haya, ruzuku ipi itamlipa na inaisha lini.

Hatua ya 2: Tengeneza swali linaloweza kukujibu "hapana"

Hapa ndipo pa kukaa. Ukipata hapa, hatua nyingine ni kazi ya mikono.

Chukua mfano mmoja, nami nitautumia hadi mwisho. Unafanya kazi na elektroliti yabisi, seramiki inayopitisha ioni za lithiamu na ambayo ingeweza kuchukua nafasi ya kimiminika kinachowaka moto ndani ya betri. Tatizo lake linajulikana: ukiichaji haraka, nyuzi nyembamba za lithiamu hupenya ndani ya seramiki, zikafika upande wa pili na kuleta shoti. Andiko la kawaida litasema: "Tutatengeneza elektroliti bora yenye ioni zinazosafiri kwa kasi na isiyopenywa na lithiamu." Sentensi hii haina swali. Haiwezi hata kukosea. Ukishindwa utasema unahitaji muda zaidi.

Sasa ibadilishe. Kuna maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza linasema lithiamu huingia kwenye mikwaruzo na nyufa ndogo za uso, hujazana humo, husukuma, na ufa unafunguka kama gogo linavyopasuliwa kwa kabari. La pili linasema elektroni huvuja kwenye mipaka ya chembe za fuwele, yaani pale chembe moja inapogusana na nyingine, zikakutana na ioni hukohuko ndani, na lithiamu ikazaliwa katikati ya seramiki. Tayari imeonekana kwamba lithiamu inaweza kupenya hata fuwele moja isiyo na mipaka, kwa hiyo mipaka si sharti. Lakini hilo halijibu ni kipi kinachotangulia katika kipande cha kawaida chenye maelfu ya mipaka.

Swali lako: katika seramiki ya chembe nyingi, ni kina cha mkwaruzo wa uso au ni hali ya mipaka kinachoamua mkondo wa umeme ambao upenyaji unaanzia? Jaribio: tengeneza vipande vyenye mipaka ileile lakini mikwaruzo ya vina tofauti, kisha vipande vyenye uso uleule lakini mipaka tofauti. Mkondo wa kizingiti ukifuata kina cha mkwaruzo, maelezo ya kwanza yanapata nguvu. Usipofuata, yanaanguka. Vyovyote itakavyokuwa, mtengenezaji wa betri atajua apeleke fedha zake kwenye kung'arisha uso au kwenye kubadili namna ya kuchoma seramiki.

Umeona kwamba mashine haijatajwa bado? Itakuja yenyewe, kwa sababu swali linaiita. Ili uzione nyufa ndani ya kipande bila kukivunja unahitaji picha za tabaka kwa eksirei. Ila lithiamu ni nyepesi mno, eksirei huipita karibu bila kuiona. Nyutroni ndizo zinazoinasa. Basi unahitaji zote mbili, na mpitiaji anayesoma ataona kwa nini bila wewe kujitetea.

Pima swali lako hivi: mweleze mtu wa fani ya jirani kwa sentensi mbili, kisha umwulize matokeo gani yangekuonyesha kwamba umekosea. Akishindwa kujibu, hilo bado si swali.

Hatua ya 3: Piga hodi kwa ofisa wa programu

Andika ukurasa mmoja: swali, kwa nini halijajibiwa, utalijibuje, na ni nani atafunzwa. Umtumie ofisa wa programu unayodhani inakufaa, yaani mtumishi wa mfadhili anayesimamia maombi ya mada hiyo, ukimwomba mazungumzo mafupi ya simu. Watu wengi wa kwetu huona aibu hapa. Tumelelewa kutomsumbua mkubwa, na kumwandikia ofisa wa serikali bila kuitwa kunaonekana kama kujipendekeza. Huko sivyo. Kujibu maswali kama hayo ni sehemu ya kazi yake, na anayekaa kimya kwa adabu huishia kupeleka andiko la seramiki kwa watu wa polima.

Usimwulize kama wazo lako ni zuri, maana hatakujibu. Muulize kama linafaa programu yake, na kama siyo, ni ipi ya jirani. Uliza pia kama ukubwa wa bajeti unayofikiria uko ndani ya kawaida ya ruzuku zake. Ukitaka kujua zaidi kabla ya simu, NSF ina hifadhidata ya wazi ya ruzuku zote ilizotoa, yenye muhtasari na kiasi. Soma 10 au 15 za programu unayoilenga. Utajua lugha ya nyumba hiyo kabla hujaingia.

Hatua ya 4: Kaa na ofisi ya ruzuku ya chuo chako

Kisheria, mwombaji si wewe. Ni chuo. Wewe ni mtafiti mkuu tu, na fedha zikija zinaingia kwa chuo. Maana yake andiko halitumwi mpaka ofisi ya ruzuku ilipitishe, na ofisi hiyo ina tarehe yake ya ndani, mara nyingi siku kadhaa kabla ya ile ya NSF. Mwisho wa NSF ni saa 11 jioni kwa saa za mahali chuo kilipo. Anayetuma saa 10 na nusu anacheza kamari na mtandao.

Programu nyingi za mada za materiali zimekuwa hazina tarehe ya mwisho: unaomba wakati wowote. Inasikika kama raha lakini ni mtego, maana kazi isiyo na tarehe haiishi. Jiwekee yako na umwambie mtu.

Hatua ya 5: Andika kurasa 15

Muhtasari ni ukurasa mmoja wenye sehemu tatu zinazotakiwa kutenganishwa wazi: maelezo ya jumla, thamani ya kitaaluma, na manufaa mapana. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vigezo ambavyo NSF huwapa wapitiaji wote, na ukivichanganya katika aya moja andiko linaweza kurudishwa bila kusomwa.

Maelezo ya mradi yenyewe hayazidi kurasa 15. Mgawanyo ninaoupendelea ni huu. Ukurasa wa kwanza uwe na swali, maelezo yanayoshindana, na mchoro mmoja unaoonyesha jaribio litakaloyatenganisha. Kurasa mbili au tatu ziseme yanayojulikana, pamoja na data zako za awali. Data za awali hazipo kuonyesha kwamba umeshajibu swali. Zinathibitisha kwamba mikono yako inaweza: kwamba unaweza kutengeneza vipande viwili vyenye mipaka ileile, kwamba kipimo chako cha mkondo kinarudia jibu lilelile mara tano. Kurasa kama saba au nane ni za kazi utakayofanya, kila kipande kikieleza kitafanywaje, matokeo gani yanatarajiwa, na utafanya nini yasipokuja. Hiyo sehemu ya mwisho wengi huiacha, wakidhani kukiri uwezekano wa kushindwa ni udhaifu. Mpitiaji aliyekaa maabara miaka 20 anajua vipande vya seramiki hupasuka kwenye tanuri. Anataka kujua kama wewe pia unajua.

Usiandike malengo manne ambayo la pili, la tatu na la nne yanategemea la kwanza lifanikiwe. Likianguka, mnara wote uko chini, na mpitiaji ataandika hivyo.

Kama umewahi kupata ruzuku ya NSF ndani ya miaka 5 iliyopita, lazima ueleze matokeo yake humohumo ndani ya kurasa 15.

Hatua ya 6: Elimu isiwe kiraka

Nimesoma maandiko ambayo kurasa 13 ni sayansi safi na moja na nusu ya mwisho inasema: tutatembelea shule za sekondari, tutaajiri wanafunzi kutoka makundi mbalimbali, tutaweka matokeo kwenye tovuti. Hicho ni kiraka, na rangi yake haifanani na kanzu.

Elimu nzuri huota kutoka ndani ya swali. Rudi kwenye seramiki yetu. Mradi wote unahusu nyufa, na kwa nini vipande viwili vinavyofanana huvunjika kwa nguvu tofauti. Hilo ni somo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulishika kwa mikono yake: mpe vijiti 30 vya chaki, avivunje kimojakimoja kwa kuning'iniza uzito katikati, aandike kila kijiti kilivunjika kwa uzito gani, kisha achore mgawanyo wa Weibull, yaani grafu ya uwezekano wa kijiti kuvunjika kwa kila uzito. Ataona kwamba seramiki haina nguvu moja bali ina uwezekano wa kuvunjika, unaotawaliwa na ufa mkubwa kuliko wote katika kipande. Ni wazo lilelile la mradi wako, na vifaa vyake ni chaki, uzi na uzito wa kuning'iniza.

Kisha sema ni nani, wangapi, lini, na utajuaje kama wamejifunza. "Wanafunzi 2 wa shahada ya kwanza kila kiangazi, watakaoandaa na kupima nyuso za vipande vinavyotumika katika jaribio la pili" ni sentensi yenye uzito. Inaonyesha kwamba mwanafunzi si mgeni maabarani: asipofanya kazi yake, mradi unasimama. Mwanafunzi wa uzamivu naye apewe swali lake, asiwe mtu wa kuendesha tanuri tu. Ikiwa atakwenda wiki mbili maabara ya taifa kujifunza kupiga picha kwa nyutroni, liandike, maana ni mafunzo ambayo chuo peke yake hakiwezi kumpa.

Kuhusu ushirikishwaji wa makundi, maelekezo ya serikali hubadilika na utawala. Soma tangazo la programu la mwaka huu, si andiko la rafiki yako alilofanikiwa nalo zamani.

Hatua ya 7: Bajeti

Bajeti ni andiko la pili, lililoandikwa kwa namba. Mpitiaji anaisoma kuona kama unaamini ulichoandika kwenye lile la kwanza. Ukisema mwanafunzi ndiye moyo wa mradi halafu umemlipa nusu mwaka, umejipinga mwenyewe.

Mshahara wako: NSF kwa kawaida hailipi zaidi ya miezi 2 ya mshahara wa mhadhiri kwa mwaka, ukijumlisha ruzuku zake zote. Mwanafunzi: posho, bima, ada. Vitu vya kutumia: poda, gesi, vikombe vya kuchomea. Safari: mkutano mmoja kwa mwaka, na safari za kwenda kwenye vifaa vya taifa.

Hapo kwenye vifaa vya taifa kuna siri isiyo siri. Wizara ya Nishati inaendesha mitambo mikubwa ya eksirei na nyutroni, kama ile ya maabara za taifa za Argonne, Brookhaven, Berkeley, SLAC na Oak Ridge. Mtafiti yeyote anaweza kuomba muda, na akikubaliwa halipii muda huo, mradi matokeo yatachapishwa wazi. Unaandika ombi fupi la kurasa chache, linapitiwa na wataalamu, unapewa siku zako. Kwa mradi wetu, picha za lithiamu zitapigwa kwenye reakta ya Oak Ridge, na bajeti itabeba nauli na malazi tu. Mhadhiri aliyeomba kununua mashine ya mamilioni akisahau kwamba ipo nzuri zaidi ya bure amemwonyesha mpitiaji kwamba hajui mji. Kama kweli chuo kinahitaji chombo kikubwa cha pamoja, kwa mfano darubini ya elektroni, kuna programu yake ya vifaa, MRI, na andiko lake ni tofauti kabisa.

Gharama zisizo za moja kwa moja ndizo zinazowachanganya wengi. Hizi ni fedha ambazo chuo kinachukua kwa ajili ya umeme, majengo, maktaba na ofisi, kwa kiwango kilichokubaliwa na serikali. Kiwango hakipigwi juu ya kila kitu. Vifaa vikubwa, ada ya mwanafunzi na posho za washiriki wa mafunzo havihesabiwi. Tuseme gharama za moja kwa moja za mwaka ni dola 150,000, ndani yake kifaa ni dola 40,000 na ada dola 20,000. Kinachobaki ni 90,000. Kiwango kikiwa asilimia 50, chuo kinachukua 45,000, na jumla ya ombi ni 195,000. Anayepiga asilimia 50 juu ya 150,000 amejiongezea 30,000 zisizo zake, na ofisi ya ruzuku itamrudishia karatasi.

Usiahidi kwamba chuo kitachangia fedha zake kwa hiari ili kupendezesha ombi. NSF hairuhusu mchango wa hiari ulioandikwa kama ahadi kwenye bajeti.

Hatua ya 8: Viambatisho

Vinachosha lakini ndivyo vinavyorudisha maandiko. Mpango wa kutunza data, kurasa 2 zisizozidi. Mpango wa kulea watafiti wachanga, ukurasa 1, kama umeomba kuwalipa. Wasifu, na orodha ya fedha zote ulizonazo na unazoomba, kwa fomu rasmi. Katika orodha hiyo taja kila kitu, hata mkataba mdogo na chuo cha nchini kwako. Serikali ya Marekani siku hizi ni kali sana kuhusu vyanzo vya nje vilivyofichwa, na chanzo ambacho kingekuwa halali kikitajwa kinageuka kosa kikikutwa.

Hatua ya 9: Subiri, kisha soma maoni mara mbili

Andiko hupelekwa kwa wapitiaji kadhaa, kwa barua au katika jopo. Wanatoa alama kuanzia bora kabisa hadi hafifu, wanaandika maoni, na ofisa wa programu anatoa pendekezo. Majopo hushauri, hayaamui. NSF hulenga kutoa jibu ndani ya miezi 6.

Jibu likiwa hapana, na mara nyingi ndivyo huwa, utapewa maoni yote neno kwa neno, bila majina. Yasome, ukasirike, uyafungie kabatini kwa wiki moja. Ukiyasoma tena utaona kwamba mpitiaji "mjinga" asiyeelewa aya ya tatu alikuwa anakuambia aya ya tatu haieleweki. Tenganisha malalamiko ya aina mbili: yanayohusu maandishi, ambayo ni rahisi, na yanayohusu swali, ambayo yanakurudisha hatua ya 2. Mpigie ofisa wa programu, muulize lipi kati ya yaliyoandikwa lilikuwa zito kwenye jopo. Usitume tena lilelile. Andiko ambalo halikubadilishwa vya kutosha linaweza kurudishwa bila kupitiwa.

Hatua ya 10: Ukipata

Soma barua ya ruzuku kabla ya kusherehekea, hasa tarehe ya kuanza. Ripoti ya mwaka inatakiwa siku 90 kabla kipindi cha bajeti hakijaisha, na ukichelewa unaweza kufungia fedha zako na za wenzako mnaoshirikiana nao kwenye ruzuku. Taja namba ya ruzuku katika kila makala. Ukigundua kitu chenye thamani ya kibiashara, iambie ofisi ya uvumbuzi ya chuo kabla hujakionyesha mkutanoni. Sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inakiruhusu chuo kubaki na haki ya uvumbuzi uliolipiwa na serikali, lakini ina masharti ya kutoa taarifa.

Mwisho wa mradi una siku 120 za kuleta ripoti ya mwisho, pamoja na maelezo mafupi ya matokeo kwa umma, yanayowekwa wazi kama ulivyoyaandika. Na kama tanuri liliharibika mwaka wa pili na kazi haijakamilika, usiharakishe kutumia fedha zilizobaki kwa kununua kompyuta. Chuo chako kinaweza kukuongezea muda usiozidi miezi 12, mara moja, bila fedha za nyongeza, ilimradi NSF ijulishwe siku 10 au zaidi kabla ya tarehe ya kufunga. Iandike tarehe hiyo kwenye ukuta wa maabara siku ileile barua ya ruzuku inapofika.